Maandishi Yaliyoishia kwenye "Ma"

Mara ya kwanza kurasa tatu ziliponipotea, nilidhani nimefungua faili nyingine. Nilikuwa nikiandika maneno ya bibi mmoja mkunga wa Msambweni, nimefika mahali anapoeleza jinsi ya kumkanda mzazi, na mara maandishi yakawa yanaishia kwenye herufi mbili: "ma". Baada ya hapo, weupe mtupu. Nikateremka chini, hakuna kitu. Nikapanda juu, ya juu yalikuwapo yote. Nikakaa nikiitazama ile "ma" kama mtu aliyesikia anaitwa njiani, akageuka asione mtu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka ishirini na mitatu. Nyumbani kwetu ni Matuga. Nilikuwa nimesomea uhazili Mombasa, kwenye taipureta za chuma ambazo vitufe vyake vilitaka vidole vyenye nguvu, na nilijivunia kasi yangu. Kisha nikapata kazi Diani kwa mwanamke mmoja wa makamo, mwalimu wa chuo kikuu cha ng'ambo, aliyekuwa amepanga nyumba nyuma ya barabara ya hoteli. Nilimwita Mwalimu, na hivyo ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa akikusanya masimulizi ya wakunga wa Kidigo. Kiswahili alikijua vizuri, Kidigo kidogo. Mimi ni Mdigo, basi kazi yangu ilikuwa kusikiliza kanda na kuandika kila neno kama lilivyotamkwa. Kanda nzuri zilikuwa adimu. Moja ikishaandikwa, ilirekodiwa upya juu yake. Maandishi yangu ndiyo yaliyobaki.

Kompyuta sikuwahi kuigusa kabla ya hapo. Mwalimu alinifundisha kwa asubuhi moja tu, maana alikuwa anasafiri kwenda Nairobi kufuatilia kibali chake cha utafiti, na alijua angekaa huko wiki kadhaa. Programu aliyoitumia haikuwa ile waliyokuwa nayo watu wa ofisini. Ilikuwa programu ya kuandikia maandishi matupu, haina picha wala urembo, na alikuwa ameitengeneza kwa namna aliyoipenda mwenyewe. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi ilivyotafuta maneno. Nilitazamia kwamba mtu ataandika neno lote, kisha aiamrishe mashine ikalitafute. Hii haikungoja. Ulibonyeza kitufe cha Kontroli kilicho pembeni pamoja na herufi R, halafu ukaanza kuandika neno lako. Ukigonga M, kishale, kile kinachoonyesha mahali unapoandika, kimekwisha kurukia M iliyo karibu huko nyuma. Ukiongeza A, kimeruka tena mpaka penye "ma". Ukiongeza J, kimekwenda mbali zaidi. Neno hujalimaliza, mashine imeshafika.

"Inatafuta pamoja nawe," Mwalimu aliniambia. "Usiiogope. Ukikosea, futa herufi moja, itarudi ilipokuwa."

Akaniambia nihifadhi kazi yangu kila mara, na kila Ijumaa nitie nakala kwenye disketi. Kisha akaondoka.

Neno nililolitafuta mara nyingi kuliko yote lilikuwa "maji". Bibi mkunga alikuwa akisema "madzi", kama tusemavyo Kidigo, lakini vidole vyangu vilikuwa vimesomeshwa shuleni, vikaandika "maji" bila kuniuliza. Mwalimu alitaka lugha ya Bibi, si ya shule. Basi kila nilipomaliza sentensi nikakumbuka, nilirudi nyuma kutafuta M, A, J, I. Kishale kikisimama mwanzo wa neno, nilikisogeza hatua mbili, nikafuta ile J na I, nikaandika sawasawa. Siku nyingi ilikwenda hivyo bila tatizo. Halafu siku nyingine, kazi ikiwa ileile na vidole vilevile, nilibonyeza kufuta herufi moja tu, na kurasa tatu zikaondoka.

Niliziandika upya siku hiyohiyo, kanda ikiwa bado imo mkononi. Baada ya siku nne ikatokea tena, safari hii nusu ukurasa. Nilianza kuchunguza. Nilidhani ni umeme, maana umeme wa Diani siku hizo ulikuwa ukitetereka, na skrini ile ya zamani ilikuwa na tabia ya kujitia weusi vipande vipande. Hata mara mbili hizo niliona sehemu kubwa ya ukurasa imekuwa nyeusi, herufi zimekuwa nyeupe, kabla tu ya maandishi kuondoka. Nikasema moyoni, umeme. Nikajaribu kufanya kazi asubuhi na mapema, umeme ukiwa umetulia. Ikatokea asubuhi na mapema. Nikadhani ni joto, nikaielekezea feni. Nikadhani neno "maji" lenyewe lina kasoro, nikawa nalitafuta kwa macho, mstari kwa mstari. Nilipokwenda nyumbani Matuga nikamweleza mama yangu. Aliniuliza kama huwa naanza kwa Bismillahi. Nilikuwa naanza, lakini nikaongeza sauti.

Kule Diani, katika ua wa nyumba ya Mwalimu, aliishi jirani mmoja kutoka bara, kijana wa umri wangu, karani wa stoo katika hoteli, na huko walikuwa na kompyuta. Nilimwomba aje aitazame mashine. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha Mwalimu.

"Hii machine iko poa, dada," alisema. "Hebu nionyeshe vile unafanya."

Nikamwonyesha. Niliandika sentensi, nikatafuta "maji", kishale kikaenda, nikafuta herufi. Ikafutika herufi moja.

"Si unaona?"

"Tazama tena, kaka."

Nikarudia mara sita, polepole ili aone kila kitufe. Mara sita mashine ikawa na adabu.

"Labda ulikuwa umechoka," aliniambia. Hakuwa na ubaya, lakini alipotoka nililia kidogo. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa amekosea. Kuambiwa kwamba jambo uliloliona kwa macho yako halikutokea, ni mzigo mwingine.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Nilikuwa na haraka kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani mapema. Nilikuwa nimemaliza kanda ndefu ya Bibi, kazi ya siku kumi, na tayari nilikuwa nimeitia kwenye sanduku la kanda za kurekodiwa upya. Nikakumbuka "maji". Nikatafuta. Yale ya karibu nilikuwa nimeshayasahihisha, basi kishale kikaenda mbali sana, mpaka kurasa za mwanzo. Nikaona weusi wa skrini. Nikasema umeme huo, nikafuta herufi yangu, nikahifadhi kama nilivyofundishwa, nikatia nakala kwenye disketi juu ya ile ya Ijumaa iliyopita kama nilivyofundishwa, nikafunga mashine. Sikutazama hata yanaishia wapi.

Jumatatu nilifungua faili nikakuta "ma". Kurasa ishirini na mbili hazikuwapo. Nikafungua disketi, nayo ikaishia "ma". Nikakimbilia kwenye sanduku la kanda. Kanda ile ilikuwa imechukuliwa Jumamosi na mwenzangu, aliyeajiriwa na Mwalimu kuzunguka vijijini akirekodi, na sasa juu ya sauti ya Bibi kulikuwa na mwanamke wa Kinondo akieleza majani ya kuogea.

Sikuwa na la kufanya ila kwenda Msambweni kumwambia mwenyewe.

Bibi alikuwa ukumbini anachambua mchicha. Alikuwa mwembamba, mrefu, mikono yake mikubwa kuliko mwili wake. Kwa asili alikuwa mtu wa Jego, kule kusini karibu na Vanga, akaolewa huku. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za Mwalimu, na mimi nikajibu njema, njema, njema, mpaka njema zikaniishia.

"Bibi, maneno yako yamenipotea."

"Yamepotea wapi?"

"Ndani ya mashine. Nilikwenda kutafuta neno moja, yakaondoka yote yaliyofuata."

"Neno gani hilo?"

"Maji."

Aliendelea kuchambua. "Na hilo neno ulilipata?"

"Nusu yake, Bibi."

Akacheka kidogo, akanipa beseni nimsaidie. Tukachambua mchicha mpaka ukaisha, ndipo akaniambia niwashe kinasa sauti changu, atasema tena. Alisema kutwa nzima. Mengi yalikuwa yaleyale: majani, kanga za kufungia tumbo, dua. Nilikuwa nimeshayaandika mara moja, basi nilikuwa nikiyajua kabla hajayatamka.

Kisha akafika kwenye mzazi wa Jego. Wote waliohusika wameshatangulia mbele ya haki, ndiyo maana leo nayaandika. Katika kanda ya kwanza Bibi alisema hivi: alikuwa mkunga mgeni katika kazi, mvua kubwa, njia hazipitiki, na mzazi aliyepoteza damu nyingi. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima. Halafu akaja wa pili, wa kike, hakupumua. Mama alikuwa amezimia. Bibi na baba mtu wakamzika yule wa pili kabla mama hajazinduka, na mama hakuambiwa kamwe. "Nilimwambia, mwanao ni huyu mmoja," alisema katika kanda ile, na sauti yake ikakatika, nikasikia anaomba apewe maji. Madzi. Naikumbuka sehemu ile kwa sababu niliirudisha mara tatu ili niandike sawasawa.

Siku ile ukumbini alisema: mvua, njia mbovu, damu nyingi. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima, mama akapona. Akaenda kwenye habari nyingine.

Nilisimamisha kinasa sauti. "Bibi, mara ile ulisema walikuwa wawili."

Alinitazama bila kukasirika. "Nilisema hivyo?"

"Ndivyo nilivyosikia, Bibi."

"Basi mwanangu, kama yamepotea, yamepotea. Washa hicho chombo."

Nilirudi Diani nikiwa sijui nimeamini nini. Je, nilisikia vibaya? Kanda haipo. Je, niliandika kitu ambacho hakikusemwa? Maandishi hayapo. Mashine ilikuwa imeshanifundisha kwamba jambo linaweza kutokea mbele yangu na lisiache alama yoyote, na mtu mwenye akili zake akaniambia nimechoka. Usiku nilijaribu kuikumbuka sauti ya Bibi ikikatika, na kadiri nilivyojaribu ndivyo ilivyozidi kufanana na sauti niliyoitunga mwenyewe.

Wiki hiyo yule jirani alikuja na ombi. Alitaka nimchapie barua ya kuomba kazi katika hoteli kubwa zaidi, akanisomea huku amesimama nyuma yangu. Ilikuwa barua tu, sikuogopa kupoteza, kwa hiyo niliandika kwa kasi yangu ya kweli. Mwishoni akasema, "Ngoja, pale juu nimesema miaka tatu, weka nne." Nikamaliza sentensi, nikatafuta neno "tatu", nikagusa kitufe cha kufuta, na nusu ya barua yake ikaondoka.

Akasogea karibu na skrini, akasema, "Aisee."

"Umeona?"

"Nimeona. Na si machine. Ni mkono."

Akanirudishia barua yake kwa kubonyeza vitufe viwili, na maneno yakarudi mahali pake kama hayakuwahi kutoka. Nilimtazama. "Umefanyaje?"

"Nimetengua. Hukujua unaweza kutengua?"

Sikujua. Mwalimu hakunitajia, nami sikujua kuna kitu kama hicho cha kuulizia. Niliwaza Ijumaa ile, kurasa ishirini na mbili, zilizokuwa umbali wa vitufe viwili kabla sijafunga mashine. Nikaomba dakika moja, nikatoka nje nikasimama kwenye ua, kisha nikarudi.

Alinifanya niandike tena na tena, haraka, huku ameinama akitazama mikono yangu tu. Baada ya mara nyingi akapata. Chuoni tulifundishwa kwamba baada ya nukta unagonga nafasi mbili. Nilipokuwa na haraka ya kutafuta, kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshakwenda kushika Kontroli kabla kidole gumba hakijagonga ile nafasi ya pili. Kontroli pamoja na nafasi, katika programu ile, haikuandika nafasi. Iliweka alama isiyoonekana, ikimaanisha: kuanzia hapa nachagua. Kisha nikaanza kutafuta, na kila kishale kilivyoruka, M, A, J, uchaguzi ulirefuka pamoja nacho, kutoka penye alama mpaka penye neno, hata kama katikati mna kurasa ishirini. Ule weusi haukuwa umeme. Ulikuwa ni maandishi yaliyochaguliwa. Na kwa jinsi Mwalimu alivyoitengeneza programu yake, ukibonyeza kufuta wakati kitu kimechaguliwa, haifutiki herufi moja, zinafutika zote.

"Ndio maana ukinionyesha polepole haifanyi," alisema. "Ukienda pole unaachilia space kwanza."

Akatengua tena. Katika maandishi yaliyorudi, baada ya nukta ya mwisho, tulikuta nafasi moja tu badala ya mbili. Nilielewa kila hatua aliyonieleza. Ila jambo moja halikuniingia: kutafuta na kuchagua ni kazi mbili. Mtu akienda kutafuta mbuzi wake aliyepotea, hakusudii kuwafunga kamba mbuzi wote aliowapita njiani. Kwa nini watu werevu waunganishe mambo hayo?

"Mimi sijui, dada," alisema. "Lakini haiwezi kuwa makosa. Hiyo mtu aliitaka hivyo."

Mwalimu aliporudi kutoka Nairobi nilimweleza yote kabla hajafungua begi. Alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye alama na kutafuta, akafunika uso kwa kiganja.

"Hiyo ndiyo njia yangu ya kukata maandishi," alisema. "Naweka alama, natafuta neno la mwisho wa kipande ninachokitaka, nakata. Sitaabiki na vitufe vya mishale. Nimezoea miaka mingi hata sikukumbuka kukuambia. Kosa hili ni langu."

Nilitegemea kufarijika. Lakini kuambiwa kwamba kilichonitesa mwezi mzima ndicho yeye alichokipenda kuliko vyote katika programu ile, kuliniacha nimeduwaa. Alibadilisha mpangilio, kufuta kukawa herufi mojamoja tu, na akanifundisha kutengua. Kisha akafungua daftari lake la siku ile ya kanda ya kwanza.

"Hapa niliandika 'mapacha', na alama ya kuuliza. Bibi alikuwa anasema haraka, sikumwelewa vizuri. Katika maandishi yako mapya sioni mapacha."

Kumbe nilisikia. Au kumbe sote wawili tulisikia vibaya, yeye kwa Kidigo chake kidogo na mimi kwa uchovu wangu. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, la kanda ya kwanza na la kanda hii, na yote mawili yalikuwa kweli.

"Katika kanda hii Bibi amesema mtoto mmoja," nilijibu. "Afadhali umuulize mwenyewe."

Tukaenda Msambweni pamoja. Mwalimu akauliza kwa heshima, daftari mapajani. Bibi hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Mmoja," alisema. "Wa kiume. Sasa ni mtu mzima, ana watoto."

Mwalimu akalikata lile neno daftarini kwa mstari mmoja. Tulipokuwa tukirudi Diani, hakuniuliza kitu, na mpaka leo sijui kama hakuniuliza kwa sababu hakushuku, au kwa sababu alishuku.

Kanda zilizobaki nilizimaliza kwa miezi miwili, bila kupoteza hata mstari. Kitabu kilipochapishwa, chembamba, jalada la kijani, nilipewa nakala mbili, nikampelekea Bibi moja. Hakujua kusoma herufi hizi, za Kiarabu ndizo alizozijua. Akaniomba nimsomee habari ya mzazi wa Jego. Nikasoma: mvua, njia, damu. Nilipofika kwenye mtoto wa kiume, mzima, nilisita kabla ya kugeuza ukurasa. Bibi alikuwa amefumba macho, mikono yake mikubwa imetulia juu ya magoti.

"Endelea," akasema.